HABARI ZA MAISHA YA MAREHEMU SEWA HAJI WA BAGAMOYO

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, Halmashauri ilituagiza tutafute habari za mtu mmoja wa nchi yetu ya Pwani, aliyekufa zamani, ambaye kazi yake ya kuwasaidia wanyonge yafaa ijulikane na wanachama. Wako waliotaja viongozi wa siasa, na wako waliotaja mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakomboa watumwa. Hao wote wamekwisha kuandikwa mara nyingi. Sisi tumemchagua Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki dunia tarehe 10 Februari, 1897.

Twajua kwamba uchaguzi huu utawashangaza wengine. Mkulima wa Fukayosi aliyewahi kuuza korosho zake kwa kangomba, na bado zi mtini, hana sababu kubwa ya kuwapenda wafanyabiashara, na ushirika wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya kumtoa mkulima mikononi mwa mtu wa kati. Pingamizi hii tuliisikia, nasi twaona ina haki. Hatukukusudia kumsifu Sewa Haji kwa kila jambo. Mali yake ilipatikana kwa njia zilizokuwa za zama zake, na baadhi ya njia hizo zilikuwa nzito juu ya mabega ya watu. Walakini alipofika katikati ya maisha alifanya mambo mawili ambayo katika siku zile hakuna tajiri wala mtawala aliyemwamuru kuyafanya, na matunda yake yamefika hata kwetu sisi wa leo. Basi msomaji na asome, kisha ahukumu mwenyewe.

Jamaa ya Paroo ilitoka Kutch, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi. Walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, nao walivuka bahari kwa majahazi kama walivyofanya Wahindi wengi wa zama za Masultani wa Unguja. Baba yake, Haji Kanji, alifanya biashara Unguja na kisha akafungua duka Bagamoyo. Kijana Sewa alipokuwa na miaka 18 hivi aliingia katika kazi ya baba yake, na haukupita muda mrefu akawa yeye ndiye anayejulikana zaidi.

Ili msomaji aielewe kazi hiyo, hatuna budi kueleza Bagamoyo ilivyokuwa. Siku hizi mtu hutoka Fukayosi kwa gari, akapita Makurunge, akavuka Ruvu, akafika Bagamoyo kabla jua halijakolea. Katika miaka ya 1870 mji ule ulikuwa mlango wa bara yote. Misafara iliteremka kutoka Unyamwezi na Ujiji na pembe za ndovu, ikarudi na nguo za merikani na kaniki, ushanga, waya za shaba, bunduki na baruti. Njia yake ilivuka mto wetu huu wa Ruvu, ambao katika vitabu vya Wazungu uliitwa Kingani, ikaendelea kuelekea Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, karibu kilomita 800 kutoka pwani. Hapakuwa na gari wala reli, na mnyama wa kubebea mzigo hakuishi muda mrefu kwa sababu ya mbung'o. Kila kitu kilichukuliwa juu ya bega la mtu.

Watu hao walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Jambo ambalo wanachama wetu watapenda kulijua ni kwamba wapagazi wengi walikuwa wakulima. Walivuna mashamba yao, wakaja pwani wakati wa kiangazi, kisha wakatamani kurudi kwao mapema ili wasipitwe na mvua za kupandia. Mzigo wa kila mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kwenda Unyanyembe ilichukua kama miezi mitatu. Ujira ulihesabiwa kwa doti za nguo, baadaye kwa rupia, na juu yake posho ya njiani. Mpagazi aliyeshikwa na ndui, au kuhara damu, au vidonda vya miguu, aliachwa pale alipoanguka, maana msafara haukuweza kumngoja. Akiwa na bahati aliugulia Bagamoyo, katika vibanda vya pembeni mwa mji, mbali na mama yake na mkewe.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuwatengenezea misafara mahitaji yake. Mtu aliyetaka kwenda bara, awe Mwarabu wa kutafuta pembe, mmisionari, au Mzungu wa kuchunguza nchi, alifika kwake akapata nguo, ushanga, waya, na zaidi ya yote wapagazi. Yeye aliwaandika, akawalipa arubuni, akawafunga mizigo, na kutoka kwa mwenye msafara akapokea gharama pamoja na faida yake. Kama tukitumia lugha ya leo, alikuwa wakala, mkopeshaji na mwenye ghala kwa pamoja. Makatibu wa vyama vya msingi wataifahamu upesi nguvu ya mtu aliyeshika kazi hizo tatu mkononi mmoja.

Habari zake za kwanza zilizochapwa zimo katika kitabu cha mwandishi wa magazeti, Henry Morton Stanley, aliyefika Bagamoyo mwezi wa Februari, 1871, akiwa safarini kumtafuta Dk. Livingstone. Wakati huo Sewa Haji alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Kipindupindu kilikuwa kimepita Unguja na pwani katika miaka ya 1869 na 1870, na wapagazi walikuwa wameogopa kuteremka, hata kuwapata ikawa shida kubwa. Stanley aliambiwa kwamba kijana huyu ndiye awezaye kumpatia, na kwa kweli alimpatia, kwani mwishoni mwa Machi msafara wa mwisho wa Stanley ulikuwa umekwisha kuondoka. Lakini katika kitabu chake Stanley alilalamika sana. Alidai kwamba hesabu alizoletewa za nguo walizolipwa wapagazi hazikuwa sawa na nguo zenyewe, na kwamba ilimpasa kuzikagua moja moja kila mara.

Je, tuamini nini? Stanley alikuwa mtu wa maneno makali, na wengi aliokutana nao njiani hawakusalimika na kalamu yake. Tena Sewa Haji hakuandika kitabu cha kumjibu, kwa hiyo tuna upande mmoja wa shauri. Hata hivyo sisi tuliozoea kukaa mbele ya mizani na daftari hatuwezi kusema kwamba jambo kama hilo haliwezekani. Bidhaa ikiwa adimu na mnunuzi akiwa na haraka, mwenye nayo hujaribiwa. Twaliandika hapa wazi kwa sababu hatupendi zile habari za maisha ambamo mtu huzaliwa akiwa mwema, akakua mwema, akafa mwema.

Liko na jambo kubwa kuliko hesabu za Stanley. Biashara ya misafara ya siku zile haikuweza kutengwa kabisa na biashara ya watumwa, ijapokuwa Sultani Barghash alitia saini mwaka 1873 mapatano ya kukataza watumwa wasisafirishwe kwa bahari. Mtaji uliotoka katika maduka ya pwani uliingia bara kwa mikono mingi, na aliyekopesha hakuuliza kila mara pembe zile zililetwa na mabega ya nani. Hatumshitaki Sewa Haji peke yake kwa jambo lililokuwa la mji mzima. Lakini tukisahau kulitaja tutakuwa tumewadhulumu wale waliobeba.

Katika miaka ya 1870 na 1880 mali yake iliongezeka sana. Alikuwa na majumba na viwanja, na mawakala wake walikuwa katika njia za misafara. Katika nyumba hiyo ya biashara alilelewa kijana mwingine kutoka Kutch, Allidina Visram, aliyekuja Bagamoyo akiwa mtoto. Baada ya Sewa Haji kufariki, Allidina alieneza maduka mpaka Uganda na Kenya, na jina lake liko mpaka leo katika shule ya sekondari huko Mombasa. Habari za Allidina ni ndefu na si kazi yetu leo.

Mwaka 1888 ikaja dhiki. Kampuni ya Kijerumani ilianza kutwaa forodha na kutweka bendera yake katika miji ya pwani, na watu wakasimama kuikataa: Abushiri bin Salim kule Pangani, Bwana Heri kule Saadani, na wenyeji wengi wa Bagamoyo na vijiji vya karibu. Mji ulishambuliwa, nyumba zikachomwa, mashamba yakaachwa, na wakimbizi wengi wakajihifadhi katika Misheni. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba, 1889. Vita vilipotulia Wajerumani walikuwa ndio wenye nchi, na mwaka 1891 makao makuu ya serikali yao yakahamia Dar es Salaam. Mwenye akili alianza kuona kwamba bahati ya Bagamoyo itahama pia, maana bandari yake ni ya maji mafupi, na meli kubwa haiwezi kukaribia ufuko.

Sewa Haji alibaki, akafanya biashara na watawala wapya kama alivyofanya na wale wa kwanza. Serikali nayo ilihitaji wapagazi. Wapo watakaosema kwamba ukarimu wake wa baadaye ulikuwa njia ya kujipendekeza kwa Gavana ili asipoteze kazi. Hatuwezi kuingia moyoni mwa mtu aliyekufa, na huenda neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake. Lakini mtu anayetaka kumpendeza mtawala humpa mtawala kitu anachokipenda mtawala. Tuangalie basi Sewa Haji alitoa nini, na kwa masharti gani.

Mwaka 1892 alimpa Gavana wa Kijerumani, von Soden, jengo la ghorofa mjini Bagamoyo ili liwe shule. Sharti lake lilikuwa kwamba shule hiyo iwe ya watoto wote, pasipo kubagua taifa wala rangi. Mtoto wa Kihindi, mtoto wa Kiarabu, mtoto wa Mswahili, mtoto wa Mzaramo au wa Mkwere aliyetoka shamba, wote waingie kwa mlango mmoja.

Msomaji wa leo aweza kupita maneno haya upesi, kwa kuwa ameyazoea. Ndiyo maana twamwomba asimame kidogo. Katika mwaka ule shule za nchi hii zilikuwa chache mno. Chuo cha Kurani kilikuwa kwa watoto wa Kiislamu, shule ya Misheni ilikuwa kwa watoto wa Misheni, na Wahindi walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Kila kundi lilikuwa na taa yake, na lilifunga mlango. Von Soden mwenyewe alitaka shule za serikali zisizotegemea dini yoyote, na kwa ajili hiyo aligombana na watu wa misheni, lakini yeye alikuwa akitafuta makarani, wakalimani na watoza ushuru watakaojua kuandika. Shule ya serikali ya kwanza ilifunguliwa Tanga mwaka huo huo wa 1892, zikafuata Bagamoyo na Dar es Salaam. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili, jambo ambalo limeisaidia sana lugha yetu, ingawa Wajerumani hawakulifanya kwa mapenzi ya lugha.

Sewa Haji hakuhitaji makarani wa serikali, na watoto wa jamaa yake walikuwa na mahali pa kusoma. Kama angetaka kuwajengea Waismailia wenzake peke yao, hapana mtu ambaye angemlaumu, kwa maana ndiyo iliyokuwa desturi ya matajiri wote wa pwani, Wahindi na Waarabu: kutoa kwa watu wao. Yeye aliivunja desturi hiyo kwa maandishi. Kwa nini? Sisi twadhani, na hii ni fikira yetu tu, kwamba mtu aliyeishi zaidi ya miaka 20 akiandika majina ya wapagazi daftarini alikwisha kujua ni nani waliomtajirisha.

Ili tuone uzito wa sharti lile, tuangalie yaliyofuata. Waingereza waliutwaa mji wa Bagamoyo mwezi wa Agosti, 1916, na baada ya vita wakatawala Tanganyika yote. Katika utawala wao shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, kila moja na fungu lake la fedha, na mafungu hayakuwa sawa. Mpango huo ulidumu mpaka baada ya Uhuru. Sheria ya kuziunganisha shule zote ilianza kutumika tarehe 1 Januari, 1962. Yaani neno aliloliweka Sewa Haji kuwa sharti la kipawa chake mwaka 1892 lilingoja miaka 70 kabla ya kuwa neno la nchi nzima.

Jengo lake liliendelea kuwa nyumba ya watoto wa Bagamoyo, nao wakazi wa mji walilijua kwa jina la Shule ya Mwambao. Baadhi ya wazee wetu walianza kuandika alifu na be kwa Kizungu, kama walivyosema wao, ndani ya kuta zile.

Jambo la pili lilikuwa hospitali, nalo lilifanyika Dar es Salaam. Huko ndiko serikali ilikokwenda, na ndiko walikoanza kukusanyika vibarua, wapagazi, mabaharia, na watu waliotafuta riziki mbali na kwao. Sewa Haji alitoa fedha za kujengea hospitali ya Waafrika na Wahindi. Ujenzi ulianza katika miaka hiyo hiyo ya kwanza ya 1890, na mwaka 1897, mwaka aliofariki, hospitali ilifunguliwa ikiitwa kwa jina lake. Mwaka huo pia serikali ya Kijerumani ilimaliza hospitali yake nzuri ufukoni, ile ya Ocean Road, lakini ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Hivyo katika mji mmoja palikuwa na hospitali mbili: moja iliyojengwa na dola kwa ajili ya watawala, na nyingine iliyosimama kwa mali ya muuza nguo wa Bagamoyo kwa ajili ya watu wengine wote.

Alipoona afya yake yapungua, Sewa Haji aliandika wasia mwishoni mwa mwaka 1896. Aliikabidhi serikali majumba na ardhi yake iwe amana, na pato lake litumike kwa kazi za huruma. Katika kazi hizo mbili zatushangaza kwa jinsi zilivyochaguliwa. Ya kwanza ni msaada kwa wakoma. Ya pili ni chakula cha wagonjwa wasiojiweza waliolala hospitalini.

Wakoma twaelewa. Katika siku zile hapakuwa na dawa ya kuponya ukoma, na mwenye ugonjwa huo alitengwa na ndugu zake mwenyewe. Hakuna aliyetarajia shukrani wala faida kutoka kwa mkoma. Lakini hebu tufikiri juu ya chakula. Kila mtu aliyewahi kuuguza ajua kwamba mgonjwa wa kwetu hulishwa na jamaa yake. Mama hupika uji alfajiri, dada huuchukua, shangazi hukaa kitandani mchana kutwa. Daktari hutoa dawa, na ndugu hutoa chakula. Ni desturi nzuri, lakini ina shimo moja, nalo ni mgonjwa asiye na ndugu karibu. Mnyamwezi aliyeangukia pwani, kwao ni mwendo wa miezi mitatu, angeweza kupewa dawa ya kuhara damu na bado akafa kwa njaa juu ya kitanda safi. Mtu aliyekaa ofisini tu asingelijua shimo hilo. Alilijua aliyewaona wapagazi wakiugua vibandani Bagamoyo mwaka baada ya mwaka, naye pengine aliwaona wengine wakizikwa bila mtu wa kulia.

Hapa ndipo sisi tunapomsamehe mengi, na mwanachama asiyekubaliana nasi ana ruhusa. Hesabu za nguo ambazo Stanley alizikagua mwaka 1871 haziwezi kufutwa na wasia wa mwaka 1896. Waliopunjwa, kama walipunjwa, hawakuwa wale waliokula ule uji. Lakini kati ya matajiri wote waliopata mali kwa mgongo wa mpagazi, wa kila taifa, Sewa Haji ndiye tunayemjua aliyefikiri mpagazi atakula nini siku atakapokuwa hawezi kubeba.

Alifariki Unguja tarehe 10 Februari, 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu, au karibu na hapo. Zama za misafara nazo zilikuwa zikielekea mwisho. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo iliyokuwa ikipita juu ya mabega katika nchi yetu hii ikapanda garimoshi upande wa kusini. Bagamoyo ikanyamaza. Majumba ya wafanyabiashara yakaanza kuota mibuyu na mitini katika kuta, na wapagazi wengine, wasipokuwa na kazi tena, wakabaki pwani wakalima. Zipo nyumba katika vijiji vyetu ambazo zikiulizwa asili yao husema babu alikuja na mzigo.

Kuna swali ambalo wajumbe wa Halmashauri waliliuliza tulipowasomea makala haya kwa mara ya kwanza: je, ilikuwa busara kuikabidhi serikali ya kigeni mali yote hiyo? Ni swali la watu wanaotunza fedha za wengine, nasi hatulipuuzi. Mwenye kutoa akifa hawezi tena kuuliza hesabu. Wakoma hawakuwa na mjumbe katika ofisi ya Gavana, wala mgonjwa wa kitandani hakuwa na haki ya kufungua daftari na kuona pato la majumba limekwenda wapi. Hii ndiyo tofauti kubwa iliyopo kati ya sadaka ya tajiri, hata iwe njema namna gani, na chama cha watu wenyewe. Katika chama, mwanachama mwenye hisa moja aweza kusimama mkutanoni na kudai taarifa ya mkaguzi isomwe kwa sauti. Katika sadaka, anayepokea hana kiti.

Kwa upande mwingine, Sewa Haji alikuwa na njia gani nyingine? Vyama vya ushirika vya wakulima havikuwako hapa. Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walitangulia, chama chao cha kwanza kilianzishwa mwaka 1925. Kama angewaachia jamaa zake, mali ingerudi dukani. Kama angeiachia dini moja, mlango ungekuwa wa dini hiyo. Serikali, kwa ubaya wake wote, ndiyo peke yake iliyowahusu watu wa kila namna, japo iliwahusu kwa kodi na kiboko. Twadhani aliichagua kwa sababu hiyo, akatia masharti kwa maandishi, akatumaini kwamba karatasi itaishi kuliko Gavana. Na kwa kiasi fulani iliishi. Soden alikwenda zake mwaka 1893, Wajerumani wakaondolewa katika vita, Waingereza wakaja na wakaondoka, na katika mabadiliko hayo yote hospitali iliendelea kuitwa Sewa Haji na kuwapokea wagonjwa wa kawaida wa mji.

Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali kubwa mpya Dar es Salaam, wakaiita kwa jina la binti mfalme Margaret, nayo ikachukua kazi ya ile ya zamani. Baada ya Uhuru jina hilo la kifalme lilifutwa, ikawa Muhimbili. Jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo halikufutwa. Lilihamia huko pamoja na wagonjwa, na moja ya majengo ya wodi, lililo pamoja na Kibasila na Mwaisela, huitwa Sewahaji, kwa neno moja, kama watu wanavyolitamka.

Tumewauliza wanachama kadhaa waliowahi kuuguza huko kama wanajua Sewahaji alikuwa nani. Mmoja alidhani ni jina la daktari. Mwingine alisema ni jina la mtaa. Bibi mmoja wa hapa Fukayosi, aliyemuuguza mjukuu wake, alituambia kwamba hakuuliza; alichojua yeye ni kwamba ukishuka kituoni na kikapu chako cha chakula, ukalitaja jina hilo mlangoni, wanakuonyesha njia.